Shamba Lililojikunja Kama Mkeka

Udongo wa kinyungu una harufu yake mwezi wa kumi. Ni harufu ya tope jeusi, majani yaliyooza na maji yaliyotulia, na kwa sisi tuliokulia Iringa ilikuwa harufu ya chakula, kwa sababu mwezi huo milima imekauka, nyasi zimechomwa, vumbi jekundu limefunika hata mbwa, na ni bondeni peke yake kwenye mahindi ya kijani. Kinyungu ni shamba la bondeni, matuta yaliyoinuliwa juu ya chepechepe na kulimwa kiangazi bila kungoja mvua. Cha baba yangu kilikuwa kidogo, ungeweza kukizunguka kabla uji haujapoa, lakini kwangu kilikuwa mahali penye miujiza. Juu mlimani hakuna jani, chini boga limejikalia kama mama mkwe.

Mwaka ninaousema, katikati ya miaka ya sabini, tulikuwa hatuishi tena karibu na bonde hilo. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari kama viti vya kanisani. Lori lilitubeba sisi, kuku, mitungi, na mlango wa nyumba yetu, ambao baba aliung'oa na kukataa kuuacha. Mashamba tuliyogawiwa yalikuwa kokoto tupu. Kurudi kulima kwenye mahame tuliyoyaacha kulikatazwa, na viongozi walisema anayerudi huko anakibomoa kijiji. Baba alirudi. Jumapili baada ya ibada aliviringisha jembe ndani ya gunia, na mimi na dada yangu Tumaini tukamfuata kama watu wanaokwenda kuokota kuni. Tulivuka vijito viwili, tukapita jiwe kubwa lililopasuka katikati, tukashuka.

"Mkiulizwa?" baba alituuliza kila mara njiani kurudi.

"Tulikwenda kuokota kuni."

"Na kuni ziko wapi?"

Siku moja Tumaini akajibu, "Zimekataa kuja." Baba alicheka mpaka akakaa chini. Simkumbuki akicheka namna ile tena.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, kijana wa kutoka Njombe, Mwalimu Sanga. Alitusomea vitabu vya hadithi, kisha akatuambia tuandike vya kwetu. Wenzangu waliandika nusu ukurasa kuhusu sungura. Mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilijaza daftari zima. Niliandika habari za familia yenye shamba la ajabu lisilokauka. Baba wa familia hiyo alikuwa mrefu kuliko mkaratusi, akipiga mluzi mto unapinda kumfuata. Mama aliongea na maharage, nayo yalimjibu kwa adabu. Binti mkubwa aliishi ndani ya boga, akifungua dirisha kila asubuhi. Mgeni mbaya akitokea, shamba lilijikunja lenyewe kama mkeka, likajificha chini ya jiwe lililopasuka, na mgeni akaona nyasi tu. Sikumtaja baba wala kijiji chetu. Niliamini kwamba jambo ukiliita uchawi, haliwezi tena kuwa kweli.

Mwalimu Sanga alilisoma lote, akaniita mbele ya darasa. "Hii si insha," alisema. "Hii ni riwaya." Neno lile lilinilewesha. Siku ya kufunga shule, wazazi wote wakiwa wamekaa uwanjani, na bwana shamba kutoka wilayani akiwa mgeni rasmi, mwalimu alinisimamisha nisome sura ya tatu, baada ya ngonjera na kabla ya kwaya. Nilisoma kwa sauti ya juu. Nilipomaliza, mgeni aliinama kwenye kiti chake, uso wake mwema kabisa.

"Binti, shamba hili umeliota au umeliona?"

"Nimeliona."

"Liko mbali?"

"Vijito viwili tu. Halafu jiwe lililopasuka."

Mtu mmoja akakohoa nyuma yangu. Mwenyekiti wa kijiji akasimama. "Ndugu mgeni, watoto wana maneno. Tuendelee na kwaya."

"Kwaya itasubiri, Ndugu Mwenyekiti. Na mahindi yake, binti, yamefika wapi?"

Nikainua mkono juu ya kichwa changu, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu ili nisiyapunje. Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani wananionea wivu. Nilimtafuta baba kwa macho, nikamwona akiitazama kofia yake iliyokuwa magotini, akiigeuza taratibu, kama anayetafuta mahali ilipotoboka.

Kesho yake bonde zima lilifyekwa. Si kinyungu chetu tu, maana kumbe juu na chini ya matuta yetu kulikuwa na matuta ya watu wengine, ambayo mimi nilikuwa nikiyaona kila Jumapili bila kujiuliza ni ya nani. Mgambo hawakushika panga hata moja. Kila mwenye shamba aliamriwa afyeke lake mwenyewe. Mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele, yamebakiza wiki chache tupate ya kuchemsha. Mama alikwenda na baba, nasi tukaachwa nyumbani. Aliporudi, mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko, na hakuinawa mpaka jioni.

Baba hakunipiga. Aliniomba daftari. Alikuwa amejifunza kusoma miaka miwili tu kabla ya hapo, kwenye darasa la watu wazima, na alisoma kwa kidole, akitamka kila neno kwa midomo bila sauti. Ilimchukua siku tatu. Nadhani ndiyo maandishi marefu kuliko yote aliyowahi kuyasoma. Siku ya tatu alinirudishia, akasema, "Umeniweka mrefu mno," akatoka kwenda kuangalia kuku. Nilingoja aseme jingine. Kwa kweli niliendelea kungoja kwa miaka mingi.

Miezi ile tulikula mahindi ya njano ya msaada, ugali wenye harufu ya gunia, na kijiji kizima kilijua nani ametulisha hayo. Nikifika kisimani wanawake walivuta ndoo zao kando. "Kamwene, Mwandishi," mmoja alinisalimu, na wenzake wakacheka kwa pua. Watoto walinifuata wakiuliza mahindi ya kwetu yamefika wapi, huku wamenyoosha mikono juu. Kabla mvua hazijakolea, baba aliondoka kwenda Igawa kutafuta vibarua vya mpunga katika mbuga za Usangu, kwa wafugaji na wakulima waliohamia kutoka kaskazini. Alisema ni kwa msimu mmoja. Ikawa miaka saba. Alikuja mara moja kwa mwaka, akala kwa adabu kama mgeni, na mimi nikiingia chumbani alipokuwa akiongea na mama, sentensi yake iliishia pale ilipofika.

Nilisoma sekondari Mbeya, nikamaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali. Nimeuza nguo sokoni Mlandege mjini Iringa, nimepika chakula cha madereva Igawa, miaka mingi baada ya baba kupaacha, nimekuwa karani Tunduma. Nikishaanza kujulikana jina, nafungasha. Baba alipokufa, Tumaini, ambaye anaishi Kihesa, ndiye aliyeniambia jambo ambalo wote walilijua isipokuwa mimi. "Mwenyekiti alikuwa anajua," alisema. "Mke wake alikuwa na tuta pale juu yetu. Kila mtu alijua. Lakini likishasemwa mbele ya mgeni, angefanyaje?" Nilikuwa nimejilaumu miaka yote kwa kutoa siri. Kumbe haikuwa siri. Lilikuwa jambo ambalo watu mia moja walikubaliana kutolisema, na mimi peke yangu sikusikia makubaliano hayo, kwa kuwa yalifanywa bila maneno.

Siku hizi hakuna anayekatazwa. Ile mistari ya nyumba imepinda, waliotaka kurudi kwenye mahame wamerudi, na maofisa wa kilimo wanaokuja huvisifu vinyungu kwa jina hilohilo. Mwaka jana Tumaini alinipeleka bondeni kupalilia pamoja na bintiye mdogo. Matuta ya baba yapo, membamba kuliko nilivyoyaandika.

"Mama mdogo," binti aliniuliza, "ni kweli babu alifyekewa mahindi hapa?"

"Aliyafyeka mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Wenye matuta walisemwa kwa mgeni."

"Nani aliwasema?"

Tumaini hakuinua kichwa. "Watu," alijibu. "Shika jembe."

Mtoto alinitazama mimi, akingoja. Dada yangu alikuwa amenisitiri mbele ya wanawe miaka yote hiyo, na sikuwa nimemwomba. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, neno moja tu. Nikainama. Tulipalilia mpaka mwisho wa tuta, na yule mtoto akaanza kutusimulia habari za shule.