Mama Yake Eliseo

Mimi Xavérine nimesafisha treni na Eliseo miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kumwona akipiga simu kwao. Sisi Warundi, Jumamosi ikifika, kila mtu ana simu sikioni, anapigia kelele Bujumbura. Yeye, la. Anakaa tu jikoni kwangu hapa Hjulsta, huku Uswidi.

Kwao ni nchi ya El Salvador, kijiji cha milimani. Mwaka 1981 wanajeshi walipokuja kuchoma nyumba, alimbeba mama yake mgongoni, mama mwenye magoti mabovu, hadi mlima ukamshinda. Akamlaza kichakani, akakimbia. Hilo alinieleza mara moja tu, kwa Kiswidi chetu cha kuungaunga.

“Sasa si uandike barua, uulize!” nikamwambia.

“Nimuulize nani? Nilimwacha afe.”

Jamani, nilimkasirikia! Ila kidonda cha mwenzio huwezi kukitonesha kila siku. Nikaacha kumuuliza.

Mwaka 2010, mwanangu Arnaud akakitafuta kijiji kile kwenye intaneti. Kumbe kimefufuka! Waliokimbilia kambi za wakimbizi walirudi, wakapanda miti upya, wakajenga vibanda vya wageni. Wazungu wanakwenda kuona msitu na maporomoko, na wenyeji wanawasimulia yaliyowapata. Kuna ukuta wenye majina ya waliouawa, na picha ya ukuta huo ilikuwapo. Tukasoma jina kwa jina. La mama yake halimo. La Eliseo limo.

Eliseo akanigeukia. “Xavérine, huenda yu hai.”

Namba ya simu ya vibanda vile ilikuwapo palepale, nikaibonyeza mimi. Akapokea kijana anayetembeza wageni. Walisema Kihispania weee, nami nikawa namtazama uso tu. Kwanza aling'aa, hata nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu akaketi sakafuni.

Mama aliokotwa na majirani siku ileile. Alirudi nao kijijini, akawa anawapikia wageni maharage, na alikuwa akimwonyesha kila mgeni picha ya mwanawe: umemwona huyu? Hata Waswidi walipita, wakala chakula chake! Miaka yote alikataa jina la mwanawe liandikwe ukutani. Mwaka 2009, alipougua, akakubali, apate pa kuweka maua. Alifariki mwezi wa tatu, 2010. Sisi tulipiga mwezi wa sita.

Nikamwita Vénantie, jirani yangu, na Warundi wengine wa jengo letu. Tukakaa matanga pamoja na Eliseo siku tatu, mlango wazi, kila mtu na sufuria yake, kama kwetu. Hakuna aliyemjua marehemu, na tulilia kweli.

Kijana yule alikuwa ameuliza: wamfute Eliseo ukutani, maadamu yu hai? Siku ya tatu Eliseo akamwomba Arnaud amtumie jibu.

“Msifute,” alisema. “Huyo wa ukutani, mama alishamlilia.”