Tulipokwenda Kumsalimia Mama Mkwe kwa Boti

Kaka yangu ni mwangalifu mno na boti yake ndogo ya injini. Petroli huimimina nchi kavu, mbali na maji, na tambara la kufutia matone hulibeba mfukoni kama leso. Asubuhi ile, kabla hatujashuka mto Malagarasi kwenda kutazama shamba la mpunga, alinivalisha jaketi la kuokolea akakaza mikanda mpaka nikakohoa.

"Ukizama, nani atatuandika?" alisema.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa amejifungua Kibondo mjini. Mama yake, anayeishi ukingoni mwa mto, alikuwa ameahidi kumletea unga wa mihogo, maana ule wa dukani, alisema, haumshibishi mzazi. Tulimwona kwa mbali ameinamia kizimba cha miti alimoloweka mihogo yake. Kaka akapunguza mwendo na kushika katikati ya mto. Tutamsalimia tukirudi, alisema, kwa miguu.

Nilikataa. Kwetu mkwe hapungiwi mkono kutoka mbali kama abiria wa basi. Unamsogelea, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba yote. Na mimi niliyekaa miaka mjini nikiandika vitabu niliogopa kuambiwa nimerudi na maringo.

"Sogea," nilimwambia. "Atasema mji umenila adabu."

Alinitazama, kisha akageuza boti. Mkondo ukatusukuma nje, akaongeza moto kidogo ili tufike. Nilikuwa nimeshaanza makofi, salamu yetu ya asubuhi, "Mwakeye", iko mdomoni, wimbi letu lilipotupita na kukipiga kizimba. Miti ikalala. Mihogo iliyokwisha kulainika ikamomonyoka, maji yakawa meupe kama uji, na vipande vikaanza kushuka na mto.

Kaka alizima injini papo hapo, akashika kasia. Nilijiinamisha ubavuni nidake kipande.

"Kaa chini," alisema. Boti ilikuwa imeinama upande wangu.

Mama aliingia majini mpaka magotini. Lakini kwanza aliitikia salamu. Aliitikia yote, bila kuruka neno: akauliza safari yangu, kazi yangu, goti la baba. Mihogo ilikuwa inapita nyuma yake na yeye anapiga makofi. Alipomaliza ndipo akainama kukusanya iliyobaki.

"Mmenikumbuka, wanangu," alisema. "Mihogo si ipo shambani."

Tulipoondoka kwa kasia, kaka aliniambia kwamba ile ndiyo ilikuwa ya mwisho iliyokomaa. Iliyobaki shambani bado michanga. Kisha akaendelea kupiga kasia.

Unga ulifika Kibondo wiki iliyofuata, umefungwa kwenye pembe moja ya kitenge. Wifi aliufungua mapajani, mtoto ananyonya, akaupima kwa macho.

"Bibi yako amezeeka," alimwambia mtoto, akicheka kidogo. "Zamani mkono wake haukujua kupunja."

Kaka alikuwa ameketi mlangoni. Alinitazama akasubiri. Wifi naye akaninyooshea kitenge nione jinsi unga ulivyo mweupe, na kweli ulikuwa mweupe, mzuri, hauna hata mchanga.

Nikasema maji yameshachemka, nikaupokea unga, nikaenda jikoni kusonga ugali.