Mstari wa Mia Mbili Kumi na Saba

Noelene Tranter hakumwamini Ivo Marinko tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kulificha jambo hilo. Alimtazama akishusha darubini yake garini, akamgeukia Beryl Hatch aliyekuwa akipanga vikombe vya chai kwenye meza ya kukunja.

"Mtu anayecheka na kila mtu namna ile, ana lake jambo."

"Jambo gani tena, mwenzangu? Amefika sasa hivi tu."

"Sijui. Lakini analo."

Noelene alikuwa na miaka sabini na mbili. Thelathini kati ya hiyo aliendesha basi la shule kwenye barabara za vumbi za huku bara, na kazi hiyo ilimfundisha kumjua, kwa kutupia jicho tu kioo cha juu, mtoto aliyebandika kitini jojo alilotafuna. Alipostaafu, tabia ile haikustaafu naye. Mwenye bucha alipima nyama, na yeye akampima mwenye bucha. Daktari alitakiwa aeleze mara mbili, na ole wake ya pili isipofanana na ya kwanza.

Sasa, kila mwezi, zile siku ambazo mwezi hauonekani kabisa, watu kumi na mmoja wa chama chetu hukusanyika kwenye malisho ya kondoo ya Gurrendah na darubini zao. Usidhani ni vile vidude vya miguu mitatu anavyonunuliwa mtoto Krismasi. Darubini ya Noelene ina kioo cha upana wa inchi ishirini na tano, imekaa ndani ya boksi la mbao alilolitengeneza marehemu mumewe, Clem, na ukitaka kufikia lenzi ya kutazamia unapanda ngazi. Unaisukuma kwa mkono, taratibu, maana nyota hazikungoji. Na hatutazami mwezi wala sayari, hivyo ni vya wageni. Tunatafuta galaksi hafifu, zile ambazo ukizikodolea macho zinatoweka. Lazima utazame kando kidogo, utulie, uache kile kiukungu kije chenyewe pembeni mwa jicho. Wengine hurudi nyumbani alfajiri shingo imekakamaa na hawakuona kitu, na mwezi unaofuata wanarudi tena.

Chama kina orodha ya galaksi mia tatu, iliyopigwa taipu na waanzilishi zamani sana. Na kina sheria: hakuna kompyuta, hakuna picha. Una ramani ya nyota, penseli na jicho lako. Ukiona, unachora palepale kwa mwanga wa tochi nyekundu, kisha unampelekea Noelene. Yeye ndiye mtunza daftari. Anakuhoji mpaka utoke jasho, na akiridhika anaandika jina lako na kuweka sahihi. Hakuna ushahidi mwingine. Kilichofika kwenye jicho lako hakuna awezaye kukitazama kwa niaba yako, kwa hiyo chama kizima kimesimama juu ya neno la mtu.

Waliomaliza mia tatu zote walikuwa wawili tu. Wa kwanza Noelene mwenyewe. Wa pili Clem, na ilimchukua miaka kumi na sita. Galaksi yake ya mwisho ilikuwa ile ya mstari wa mia mbili kumi na saba. Wakati huo saratani ilishaingia mifupani, na ilibidi wanaume wawili wampandishe ngazini wakimshika kiuno. Alikaa juu kule robo saa. Noelene alisimama chini ameshika ngazi. Siku kumi na moja baadaye Clem alifariki, na katika daftari, kwenye ukurasa wake, kuna neno moja kwa mwandiko wa Noelene: *Amemaliza*. Miaka tisa sasa, siku zikiwa mbaya, Noelene huufungua ukurasa ule na kuutazama tu.

Kwa hiyo utaelewa kilichompata Ivo, fundi wa matangi ya maji, mtu wa miaka hamsini mwenye kicheko kikubwa, alipoleta galaksi mia mbili tisini na tisa kwa miaka miwili.

"Miaka miwili!" Noelene alimwambia Beryl. "Clem wangu kumi na sita!"

"Clem alikuwa anakata manyoya ya kondoo miezi saba ya mwaka, Noelene. Huyu hana mke, hana televisheni. Atafanya nini?"

"Atanakili picha, ndicho atakachofanya. Thubutu! Hapiti kwangu."

Akaanza kumchunguza. Alizichukua nyumbani zile picha alizochora Ivo, akazilinganisha moja moja na vitabu vya picha, akitafuta kitu ambacho kamera huona na jicho halioni. Hakupata. Usiku mmoja alinyata nyuma ya gari la Ivo, akiwa na hakika kwamba atakuta simu inawaka chini ya blanketi. Alimkuta amekaa gizani, anakula pai ya nyama.

"Karibu," Ivo akasema mdomo umejaa. "Imebaki nusu."

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi, bosi? Nyuma yangu kuna ua wa waya tu, na kondoo."

Noelene akaondoka. Alikasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe.

Kilichomtia shaka kuliko yote ni ule mstari mmoja ulioachwa wazi. Wa mia mbili kumi na saba. Mtu ameona wa mia mbili kumi na sita, ameona wa mia mbili kumi na nane, zote hafifu kuliko huo, halafu huo asiuone? Watu wanane katika daftari waliuona. Hata Beryl aliuona, na Beryl haoni chumvi mezani.

"Ni ujanja," Noelene alisema. "Mwizi hodari haondoki na vyombo vyote. Anaacha kimoja ili useme, aa, nimekiweka vibaya mwenyewe."

Mwezi wa nne alimwita Ivo mezani, mbele ya chai. "Huu mstari vipi?"

"Sikuiona."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Saba." Ivo akamtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayengoja aambiwe kitu. Noelene alipokaa kimya, akainamisha macho kwenye kikombe.

Kwa dereva wa basi la shule hapo hapakuhitaji maelezo. Mtoto akiinamisha macho, jojo liko chini ya kiti. Noelene akaamua kumnasa usiku uleule.

"Njoo kwenye darubini yangu," akasema. "Kioo chako kidogo. Nitakuonyesha mimi."

Mtego wake ulikuwa mwepesi. Orodha, kwenye mstari ule, inasema: *hafifu sana, ndefu, imelala kaskazini-kusini.* Ndivyo Noelene alivyoichora, na ndivyo walivyoichora wote wanane. Yeye atamdanganya. Atamwambia ni ya mviringo, ina kinukta cha mwanga katikati. Ivo akisema ndiyo, naiona, ya mviringo, basi amejimaliza. Ataangukia palepale, na mia mbili tisini na tisa zake zitaanguka naye.

Akaielekeza darubini, akahesabu nyota kwenye ramani mpaka penye alama yake ya penseli, akashuka. Ivo akapanda.

"Iko katikati," Noelene akasema kutoka chini, ameshika ngazi. "Ya mviringo. Ina kinukta katikati. Tazama pembeni, usiikodolee."

Ivo akaisukuma darubini kidogo kuifuata mbingu.

"Umeiona?"

"Bado."

"Mviringo, Ivo. Kama alama ya kidole kwenye kioo cha dirisha. Na kinukta. Si rahisi, lakini mtu aliyeona zile nyingine hashindwi na hii."

Dakika kumi. Sema basi, Noelene alikuwa akimwambia kimoyomoyo. Sema tukamalizane.

"Siioni," Ivo akasema.

"Tulia kwanza."

"Nimetulia, Noelene. Hakuna kitu. Andika kwamba sikuona."

Akashuka. Noelene hakujua afanye nini na uso wake, na ashukuriwe Mungu lilikuwepo giza. Mtego umefyatuka mtupu. Basi ni kipofu, akajiambia. Si mwongo, ni kipofu tu, na zile nyingine alizipataje? Shaka ikishaota mizizi haikosi pa kushika. Akasema kwa sauti ya ukali, "Shika ngazi," akapanda mwenyewe.

Akaweka jicho. Nyota za pale alizijua, tatu zimejipinda, na moja ya rangi ya chungwa. Akatazama kando. Akatulia, akapumua polepole kama Clem alivyomfundisha. Palikuwa peusi. Akangoja. Na hapo ikaanza kuja, kidogokidogo, pembeni mwa jicho, ikapotea, ikarudi. Ile pale. Akafurahi kiasi cha kutaka kupiga kelele.

Ilikuwa ya mviringo. Ina kinukta katikati.

Noelene alitoa jicho kwenye lenzi. Akalirudisha. Bado ilikuwepo, ya mviringo, safi kabisa, ule uongo alioutunga mwenyewe mezani na kikombe cha chai mkononi.

"Ivo," akasema. "Kuna nini pale?"

"Unataka nikwambie kweli?"

"Sema, mwanaume wewe!"

"Hakuna kitu. Hapajawahi kuwa na kitu. Aliyepiga taipu ile orodha alikosea tarakimu moja. Kwenye namba za mahali ilipo, penye saba ameandika moja. Galaksi yenyewe iko mbali na hapo, digrii sita kusini. Niliposhindwa mara ya saba nilikwenda maktaba nikaangalia atlasi ya nyota. Tangu mwezi wa pili najua."

"Na ukanyamaza!"

"Nilidhani wewe unajua!" Sauti ya Ivo ikapanda nayo. "Mtunza daftari! Nikasema, huyu mama ananipima. Mstari huu ni mtego, ameuacha makusudi ili awanase waongo, na mimi ananichukia, basi acha nikae kimya nione. Leo ulipoanza kusema mviringo, nikasema, haya, ndio wenyewe huu. Nimekaa na wasiwasi miezi miwili, Noelene. Kila nikikutazama najiuliza, huyu ananitakia nini?"

Noelene alishuka, ngazi moja moja, akakaa kwenye ngazi ya chini. Alikuwa akisikia sauti, lakini si ya Ivo. Ilikuwa yake mwenyewe, miaka tisa nyuma, mahali hapohapo, akimwambia mgonjwa aliyekuwa akitetemeka kwa baridi kule juu: Ndefu, mpenzi. Imelala kaskazini-kusini. Tazama pembeni. Tulia, utaiona. Na Clem, baada ya kitambo kirefu: Ndiyo, mpenzi. Naiona.

Aliiona? Au alisema tu, ili mkewe aache kusimama kwenye baridi? Noelene alilia, na alilia kwa sauti, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia hata siku ya mazishi.

Ivo alichuchumaa mbele yake. "Sikia. Mimi sitasema kwa mtu. Sihitaji mstari wangu. Acha daftari lilivyo, nani ataumia? Au twende sasa hivi, iko juu, digrii sita tu kutoka pale. Unaitazama, unaandika tarehe ya leo kwenye jina lako, yamekwisha."

"Leo usiniamini na chochote nitakachokwambia nimekiona."

"Basi kesho."

"Na Clem ataitazama lini?"

Beryl alikuwa amefika, ameshika kikombe, amesikia nusu. "Nini kimetokea? Mia mbili kumi na saba? Hata mimi niliiona ile, ndefu ndefu hivi—"

"Hukuiona, Beryl," Noelene akasema. "Nilikwambia mimi. Niletee daftari."

Beryl akaangalia sura ya mwenzake katika ule mwanga mwekundu wa tochi, akaenda kulileta.

Alianza na jina lake mwenyewe. Akakata kwa mstari mmoja, akaweka sahihi pembeni. Akamkata Beryl, ambaye alisema "Lo!" tu. Akawakata wengine watano, kurasa baada ya kurasa, haraka, kama alivyokuwa akiwaandikia watoto wakorofi. Kisha akafungua ukurasa wa Clem, na hapo kalamu ikasimama muda mrefu. Ivo alimshikia tochi.

Noelene akaukata ule mstari wa mia mbili kumi na saba. Akashuka chini ya ukurasa, kwenye lile neno lake, akalikata nalo. Halafu akaandika kwa herufi kubwa, ili asomaye asimdhanie marehemu vibaya:

*Hakumaliza. Alibakiwa na moja. Alimwamini mkewe.*