Karatasi ya Katikati

Kilichonirudisha ni harufu ya dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe ambavyo mama hutia katikati ya nguo zake. Jumanne moja mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwake Budondo, naye akanituma nimtolee gomesi ya kwendea harusi ya Jumamosi. Nikafungua sanduku la bati, nikainua gomesi, zikadondoka karatasi nne zilizokunjwa katikati, kingo zake zimeliwa na mende. Kwenye ile ya juu alikuwapo msichana mwenye mabuti ya njano, bata bukini kwapani, akitembea juu ya unga.

Nilipiga yowe. Mama alidhani ni nyoka, akaja mbio na jembe.

Naomba mnivumilie. Mimi ni mtu mzima, nafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja, na wanafunzi wangu wakisikia nilipiga yowe kwa ajili ya karatasi watanicheka mwaka mzima. Lakini msichana yule nimemtafuta miaka mingi. Nimepekua vitabu vya mitumba sokoni mpaka wauzaji wakanizoea. Nimewasumbua wakutubi. Niliwahi kuandika kwenye simu: msichana, mabuti ya njano, bata, bibi mwenye kitana kirefu. Simu ikaniletea matangazo ya viatu.

Nilikulia katika laini za askari magereza, zile nyumba zilizopangwa safu safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Baba yangu alikuwa Mlango, mtu wa kabila la Walango, kutoka Lira. Ukuta wa pili aliishi sajini mmoja Mgisu, mtu wa Busiu, na binti yake Nambozo. Kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, sote tuliongea Kiswahili. Sokoni mama alinibana mkono nisikiongee, maana watu walipokisikia walidhani askari wamekuja kuchukua kitu. Ndani ya laini, hata hivyo, ndicho tulichogombania, ndicho tulichoombea chumvi, na ndicho Nambozo alichonisimulia kitabu.

Kitabu kilikuwa kimoja tu katika laini nzima. Kilikuwa cha Kiingereza, chembamba, hakina jalada, hakuna aliyejua kilikotoka. Mimi nilikuwa na miaka sita, sijui kusoma. Nambozo alikuwa na tisa. Tulikaa nyuma ya nyumba yao, kwenye harufu ya sabuni ya kufulia na maharage yanayochemka, yeye akisoma kimoyomoyo kisha akinigeuzia kwa Kiswahili. Ule weupe uliofunika nchi nzima kwenye picha alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba ni unga wa muhogo, wameanika. Nilishangaa sana. Watu wanakanyaga chakula na viatu, na hakuna mama anayewachapa!

"Mimi nikikuwa mkubwa naenda kaa kwa hiyo nchi," Nambozo alisema. "Unga mingi hivi, nani atalala njaa?"

Kisha ukaja uhamisho. Jioni sajini aliletewa barua, keshokutwa yake lori likawa mlangoni, waende Mbale. Mama zetu walikuwa wakifuga kuku kwa ushirika, kwa hiyo wakaketi uani wakagawana: mmoja kwako, mmoja kwangu. Sisi tukaona hivyo ndivyo watu wazima wanavyoachana vizuri. Tukang'oa pini za kitabu kwa kisu cha jikoni, tukaanza: moja kwako, moja kwangu.

Hatukujua jambo ambalo fundi yeyote wa kuchapa vitabu angetuambia. Karatasi moja ya kitabu cha namna ile hubeba kurasa za mwanzo upande huu na kurasa za mwisho upande ule. Tuligawana kwa haki kabisa, na kwa haki hiyohiyo tukaiharibu hadithi, kila mtu akabaki na mwanzo wenye mashimo na mwisho wenye mashimo.

Karatasi zilikuwa saba. Nambozo alianza, kwa kuwa ni mkubwa, kwa hiyo ya saba, ile ya katikati, ilikuwa yake. Ilikuwa na picha moja kubwa iliyojaa pande zote mbili, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mama yake alipomwita akamate kuku, niliichomoa nikaisukuma chini ya godoro langu. Aliporudi nikamwambia imepeperushwa na upepo.

Hapakuwa na upepo wowote. Nambozo alinitazama, kisha akatazama nyumba yetu. Lori lilipoondoka alikuwa juu ya magunia analia mpaka mabega yanatikisika, nami nikajua nimemliza kwa wizi wangu. Kitu hicho kimenikaa kifuani miaka yote hii. Nilipokuwa na miaka minane sisi wenyewe tulihama, godoro likatupwa, na nikaamini karatasi zangu zote, nilizozificha chini yake, zimekwenda nalo. Hadithi ikabaki kichwani, nusu nusu. Nilikumbuka msichana ana mabuti mawili, halafu ana moja, basi nikakata shauri kwamba yule bibi alilila lile jingine. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia wanangu. Wamekua wakijua kwamba vikongwe wa Ulaya hula mabuti.

Jambo moja tu lilinifariji. Siku ile ya lori mama yangu naye alibaki na ungo wa Mama Nambozo, aliokuwa ameazima kupepetea mtama. Aliutundika ukutani, na kila tulipohama ulihama nasi. Nilipomwuliza, alijibu vilevile siku zote: "Hiyo iko ya Mama Nambozo. Atakuja kuchukua." Nikawa nafurahi kimoyomoyo kwamba katika familia yetu mwizi si mimi peke yangu.

Basi Jumanne ile, jembe likiwa bado mkononi mwake, nilimwuliza nani aliweka karatasi sandukuni.

"Mimi. Ulikuwa nalala juu ya karatasi ya watu," alisema. "Namba ya Mama Nambozo iko kwa simu yangu. Tulionana kwa mazishi ya afande moja Mbale. Wewe hukuuliza."

Sikuuliza! Miaka yote hiyo nawasumbua wakutubi, na namba iko kwenye simu ya mama yangu!

Alhamisi nilikuwa Busiu, karatasi nne kwenye bahasha na ungo kwapani. Nilikuwa nimeamua kurudisha vyote kwa siku moja. Nilielekezwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, na kutoka kwenye mngurumo ule akatokea mwanamke mweupe tangu nywele hadi kandambili, mpaka nyusi. Nilianza kucheka kabla sijamsalimia.

"Akello! Unacheka nini?" alipaza sauti. "Si nilikuambia naenda kaa kwa nchi ya unga?"

Tulikumbatiana mpaka nami nikawa mweupe. Nyumbani kwake, nyuma ya mashine, karatasi zake tatu zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na hati za shamba. Kabla hajazitandika mezani nikasema yote kwa pumzi moja: godoro, upepo, uongo. Nikaitoa ile ya katikati nikaiweka mbele yake.

"Mimi niliona," alisema. "Nilipoingia kwenu kuaga, kona yake ilikuwa natoka chini ya godoro. Mimi si kipofu."

"Na ulilia vile?"

"Nililia sababu ya wewe, mjinga. Karatasi ningechukua tu. Nikasema acha akae nayo, itamuuma, atanitafuta." Akapangusa unga usoni. "Lakini afande, umechelewa!"

Nilijifanya napanga kurasa.

Tulizipanga zote saba, na hapo tukawa watoto tena, tunasukumana viwiko. Kwenye karatasi zake bibi anamvua msichana buti moja na kulijaza maji, bata amelala, amefumba macho. Mwisho alishausahau kama mimi, na picha za bata baada ya hapo hakuwa nazo, kwa hiyo Busiu nzima bata yule alikuwa amekufa. Kwangu alikuwa hai siku zote, shingo juu, amebebwa kurudi nyumbani! Nambozo aliruka, akaita mfanyakazi wake aje aone.

"Amepona! Bata imepona!"

Na karatasi niliyoiiba? Haikuwa na neno hata moja. Msichana amelala, bata amelala, nje unga unaanguka.

Mama Nambozo, ambaye siku hizi miguu haimruhusu kutoka, aliupokea ungo kitini pake. Akaunusa, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ukindu. Kisha akanirudishia.

"Peleka nyumbani. Nikichukua hii, sasa mama yako atakuja hapa kwa sababu gani?"

Nilisimama na ungo wangu nikaielewa laini yetu mara moja. Watu ambao barua ya jioni moja ingeweza kuwatenganisha walihakikisha hawagawani kila kitu. Mtu alibakiza kitu kimoja cha mwenzake, kwa makusudi, na mwenzake alijua. Mama hakuwa mwizi. Mimi nilikuwa, lakini Nambozo alikuwa amenigeuzia wizi wangu kama alivyonigeuzia kitabu.

Wakati huo yeye alikuwa anashona kurasa kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Alishona sita. Nilipomwonyesha kwamba amesahau ile ya katikati, alisema hajasahau, akaikunja akaitia mkobani mwangu.

Mama alipouona ungo umerudi hakushangaa. Aliutundika kwenye msumari wake. Jumamosi alivaa gomesi akaenda harusini. Jumapili asubuhi nilimkuta ameivaa tena, amekaa mlangoni, ungo juu ya magoti, ananiuliza tunaondoka saa ngapi.