Chai ya Kinoo

Kabla sijaolewa nilikaa Woodley, zile nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, na maji ya mfereji wa kule sikuwahi kuyapa heshima yoyote. Yalikuwa maji tu. Unapaka sabuni kidogo, povu linajaa beseni, unaoga, unaenda kazini. Kisha nikapendana na mtu wa Waithaka, tukafunga ndoa kanisani kwao, tukahamia ploti moja ya kupangisha Kinoo, ghorofa ya tatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba maji nayo yana roho mbaya.

Yetu yalitoka kwenye kisima alichochimba mwenye ploti, na yalikuwa ya chumvi. Magumu, si mchezo. Sabuni ilikataa katakata kutoa povu; unasugua kipande mpaka kinaisha na nguo bado inakuangalia tu. Birika la umeme lilivaa ukoko mweupe ndani, ukilitikisa linalia kama kayamba. Matundu ya shawa yaliziba yote isipokuwa moja, na hilo moja lilinilenga jicho kila asubuhi. Maharagwe yalichemka mpaka gesi ikaisha, na bado ukiyapakua yanadunda kwenye sahani. Nywele zangu, wacha tu. Nilipomlalamikia keyateka, yule mtunzaji wa ploti, alinijibu, "Madam, shukuru Mungu. Kuna ploti hazina hata hiyo."

Nikashukuru. Lakini chai, jamani! Chai ya maji yale, hata uweke maziwa ya ng'ombe wangapi, ilikuwa na chumvi kama mtu amelilia sufuria. Sikuwa na wa kumlilia mimi, kwa sababu mume wangu hanywi chai tangu utotoni, maziwa yanamvuruga tumbo. Yeye ni uji mweusi na mambo yake yameisha. Mimi nilinunua mitungi ya maji matamu kwa duka la pale getini, ya chai peke yake.

Sasa mama mkwe akatangaza kwamba anakuja kutuona. Nitasema ukweli: nilimwogopa. Mimi kwetu ni Kakamega, nimeingia katika ukoo uliokaa Waithaka tangu enzi za babu zao, na nilijua kuna shangazi mmoja aliyeuliza kama wasichana wa huku wamekwisha. Nilitaka huyu mama anipende. Nilitaka sana, mpaka akili ikanihama, nikasahau kununua maji Jumamosi. Jumapili mwenye duka alikuwa kanisani, kufuli hiyooo.

Nikapika kwa maji ya mfereji. Nikatia tangawizi ya kuua ng'ombe, nikatia sukari, nikaomba kimoyomoyo. Mama akapiga funda la kwanza. Akaangalia kikombe. Akaangalia kalenda ukutani kwa muda mrefu, kama anatafuta sikukuu.

"Kwenu," akauliza polepole, "chai mnapikanga hivi?"

Nikadhani anasema tangawizi. "Ndiyo, Mama! Kwetu tunaipenda hivi hivi."

"Haya basi," akasema, na akamaliza kikombe. Nikamwongeza. Akamaliza na hicho. Alipoondoka nilicheza peke yangu jikoni. Nilikuwa nimependwa!

Wiki mbili baadaye tukaenda kwake Waithaka. Akaleta chupa ya chai, akanimiminia mpaka juu kabisa, akajimiminia na yeye. Nikanywa. Ngai! Chumvi! Chumvi hasa, kuliko ya Kinoo. Nikasema moyoni, woiye, kumbe na hawa wana kisima kama chetu, na huyu mama wa watu amezoea hata hajui. Nikamhurumia. Nikamwambia, "Mama, chai yako ni tamu sana," na uso wake ukang'aa, akanijazia tena.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea kwa mwaka mzima na zaidi. Akija Kinoo nampikia ya maji matamu, naye anauliza kwa upole kama leo nilikuwa na haraka ya kupika, maana chai imepoa ladha. Nikienda Waithaka nakunywa vikombe vitatu vya bahari, nikirudi nyumbani nakunywa jagi zima la maji. Mume wangu ananiuliza kwani mama ananilisha nini. Nilipoosha vyombo kule kwa mama, povu lilipanda mpaka kwenye viwiko, na mimi, na digrii yangu, nikafikiri ni sabuni nzuri.

Halafu mama akaanza kuumwa kichwa. Kliniki yake ya presha iko mjini, karibu na ofisi yangu, nikamsindikiza saa ya lanchi. Nesi akapima mara mbili, akakunja uso. "Mama, tulikubaliana nini kuhusu chumvi?"

"Chakula changu sitii chumvi hata kidogo," mama akasema.

"Basi hii inatoka wapi?"

Mama akanitupia jicho, akainama kwa sikio la nesi, lakini yeye kunong'ona hajui. "Ni kwa chai tu. Huyu msichana wangu, kwao ndiyo desturi."

"Desturi gani?" nikaruka. "Mama, kwetu chai ni ya sukari! Ile ya siku ya kwanza ilikuwa maji ya kisima. Mimi nilidhani ni maji yako ndiyo mabaya!"

"Maji yangu? Maji yangu ni ya mvua!"

Nesi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona presha bado iko pale pale, akaacha kucheka, akamgombeza mama vilivyo. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. Nilikuwa nimetaka kupendwa na mtu huyu, na kumbe nilikuwa nikimmaliza kwa heshima.

"Lakini Mama, ulijua umekatazwa. Si ungeweka yangu pembeni, wewe unywe yako?"

Alikuwa akikunja mkono wa sweta yake. Hakuniangalia.

"Hapo kwetu uko peke yako, hakuna mtu wa kwenu," akasema. "Nikaona hata chai nayo usinywe peke yako."