Shati Langu Jeupe na Ndama wa Butiama

Wasomaji, mimi ni mwalimu wa kemia hapa Musoma, tena mzuri, msinibishie. Sabuni imeadimika madukani, mtaani kwetu Nyakato makola yote ya mashati ni meusi, nami Jumapili nilikuwa naenda Butiama kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu.

Nikachukua mkojo wa ng'ombe uliokaa ndooni hadi ukanuka amonia, nikauchuja, nikaongeza maji, nikaloweka shati jeupe. Jirani yangu Mama Bhoke akaziba pua.

"Mwalimu, si utalisuuza sana?"

"Mama, amonia ni besi dhaifu. Kwenye maji, kidogo tu ndiyo inayobadilika na kung'oa mafuta. Nyingine yote inabaki amonia vilevile, na shati likikauka inapaa zake. Kusuuza ni kupoteza maji!"

Na kweli, shati lilikauka jeupe, harufu hakuna. Kule Butiama mama mkwe alilishika kola, akawageukia wanawe: "Mnaona? Mwalimu hakosagi sabuni!" Nikatabasamu, sikukanusha.

Baba mkwe akanipeleka zizini kunionyesha ng'ombe. Ndama mmoja akaja kunilamba shati. Akaja wa pili, kisha mama yao. Nikirudi nyuma, wananifuata na ndimi zao. Amonia ilikuwa imepaa kama ninavyofundisha. Chumvi ya mkojo ndiyo niliyoisahau.

Mama mkwe na wanawe wakaja zizini kutazama, na wafugaji wale wanajua vizuri ng'ombe hulamba chumvi ya mkojo. Kisha mama mkwe akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, hiyo sabuni yako unaikingaga kwa ng'ombe gani?"