Wimbo Uliotupitisha Mashambani

Vijana wa siku hizi wanapenda kubishana kama kanisa lilitujenga au lilitubomoa. Wanabishana kwa sauti, kila mmoja na upande wake, kisha wananigeukia mimi kikongwe niwatolee hukumu. Huwa nawajibu kwamba inategemea wanauliza habari za Jumapili ipi. Wanacheka, wanadhani bibi anatania.

Mimi nililelewa misheni, upande wa Kahama. Nilijua kusoma, kushona, kuimba sauti ya pili na kuogopa dhambi. Mila za Kisukuma nilizisikia kama mtu anavyosikia habari za ng'ambo. Halafu nikaolewa na mwalimu wa kanisa, kijana mpole mwenye shingo ndefu, nikahamia kwao, kijiji kimoja upande wa Didia. Ilikuwa miaka ya hamsini, nchi bado haina bendera yake. Mume wangu alifundisha watoto kusoma siku za kazi, na Jumapili aliongoza ibada, kwa sababu mchungaji alifika kwa baiskeli mara mojamoja tu. Alikuwa Mkristo wa kwanza katika ukoo wao. Mama yake hakubatizwa na hakuona haja. "Ninyi salini," alikuwa akituambia, "mimi nitapika."

Sitaki kulisingizia kanisa lile. Vibibi wenye macho mekundu, mekundu kwa sababu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote, waliitwa wachawi, na mvua ikigoma waliuawa kwa mapanga. Mume wangu alisimama mbele ya watu akasema atakayemgusa bibi wa mtu amemgusa Mungu. Vibibi kadhaa walihamia chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa, wakalala usingizi wao wote. Hakuna mzee wa kijiji aliyethubutu kusema hivyo kabla yake. Nililipenda kanisa lile, nalipenda hadi leo, na mtu anayependa ana haki ya kusema.

Mwaka wa mvua haba nikajifungua mapacha, wa kiume wawili. Nilifurahi kama mwehu. Mume wangu alipiga magoti palepale mlangoni akashukuru. Mama mkwe alipokea watoto, akawaosha, akawatazama mmoja na mwingine, akaketi mlangoni. Mimi nikadhani amechoka.

Kwa Wasukuma wa wakati ule, mapacha, au mabasa kama walivyowaita, walikuwa baraka yenye moto ndani yake. Mama yao hakutoka nje ya boma mpaka achezewe ngoma. Watu walikusanyika, wakanyunyiza unga wa mtama, wakaimba nyimbo za matusi, matusi mazito ya kuwataja baba na mama wa mapacha kwa viungo vyao vyote. Matusi hayo ndiyo yaliyoupoza ule moto. Mama asiyechezewa akipita kando ya shamba, mtama unakauka. Akikatiza mbele ya ng'ombe wenye mimba, mimba zinatoka. Kanisa nalo lilikuwa na sheria yake: anayechezewa ngoma ile anatengwa, na mwalimu wa kanisa anayeiruhusu nyumbani kwake anapoteza kazi. Hayo yote nilielezwa baadaye. Siku ile mimi niliona mtungi hauna maji na nepi zimejaa, nikachukua mtungi, nikakatiza katikati ya mtama wa jirani kwenda kisimani, nikarudi zangu ninaimba.

Mama mkwe alinikuta uani. "Umepita wapi?"

"Hapo shambani, Mama."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mayu! Mama yangu, umetumaliza."

Mtama wa jirani ulikuwa umeshaanza kunyauka kwa jua, kila mwenye macho aliona. Lakini kuanzia siku ile ulinyauka kwa sababu yangu. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akaja na wazee wake, wakakaa nje ya boma wasikanyage ndani. Akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali: nichezewe ngoma, au nisitoe mguu nje. Nikitoka, vijana watanizuia kwa fimbo. Mume wangu akajibu kwamba nyumba yake haitachezewa ngoma. Mwanangwa akainuka, akajipangusa vumbi. "Basi kaeni na Mungu wenu," akasema. "Sisi tutakaa na mashamba yetu."

Tukatengwa. Mama mkwe akienda kuomba kaa la moto kwa jirani, anarudishwa mikono mitupu. Mume wangu akisalimia "Mwangaluka," watu wanatazama ng'ombe. Ikabidi mwalimu mzima achote maji mwenyewe, mtungi begani kwa sababu kichwani hajui, na wanawake wa kisimani wanasogea pembeni huku wanabana vicheko. Hao wa vicheko sikuwalaumu. Walioniuma ni Wakristo wenzangu, wale tuliokuwa tukiimba pamoja. Walipita mbali na boma letu, macho chini, na Jumapili waliketi kanisani wakiomba rehema. Walikuwa na mashamba, na hofu ya shamba haikubatizwa pamoja na mwenye shamba. Nilikuwa na hasira nao hata maziwa yakawa yananitoka kwa shida.

Kisha yule pacha mdogo akaugua kifua. Alianza kwa kukohoa kidogo, ikaja homa, halafu akaanza kuvuta pumzi kwa mbavu, ngozi inazama katikati ya mifupa kila anapopumua. Akakataa ziwa. Zahanati ilikuwa misheni, mwendo wa nusu siku, na njia yote ilipita kati ya mashamba ya watu. Mume wangu akataka ampeleke mtoto peke yake. Mama mkwe akamwuliza, "Mtoto wa siku chache atanyonya nini huko, shingo yako hiyo?"

Tukaondoka asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nilimbeba mgonjwa kifuani, mume wangu akamchukua mkubwa. Hatukufika mbali. Pale shamba la kwanza lilipoanzia, vijana walikuwa wamesimama njiani na fimbo zao, na nyuma yao wenye mashamba, wanaume kwa wanawake. Baadhi yao walikuwa vijana ambao mume wangu aliwafundisha kusoma.

"Mtoto anakufa," mume wangu akawaambia.

"Rudini, Mwalimu," akajibu mmoja, na sauti yake ilitetemeka. "Tukikupisha, watakufa wetu."

Hakuna aliyepiga na hakuna aliyesogea. Nilimsikia mwanangu akikoroma kifuani kwangu kama chungu kinachoanza kuchemka. Nilisali, na nasema wazi kwamba nilikuwa nasali kwa chuki. Nilimwomba Mungu awapofushe wale watu wote pamoja na ng'ombe wao.

Ndipo nikasikia mtu anakuja nyuma yetu kwa haraka. Alikuwa mama mkwe, amejifunga nguo kiunoni, ameshika bakuli la unga. Akatupita bila kututazama. Akasimama mbele ya zile fimbo, akarusha unga kulia, akarusha kushoto, akafungua mdomo akaimba.

"Baba wa mapacha hana aibu! Kapanda mbegu mbili shimo moja!"

Huo ndio ubeti pekee ninaoweza kuuandika. Zilizofuata zilimtaja mwanawe, mwalimu wa kanisa, vile vinavyotajwa na vile visivyotajwa, kisha zikanigeukia mimi. Sijawahi kutukanwa namna ile. Wimbo ule una kiitikio, "Hana aibu!", na mila inataka kwamba anayeusikia aitikie, asipoitikia madhara yanabaki kwake. Wale watu walikuwa wamekuja kuzuia, sasa wakatazamana. Mwanamke mmoja nyuma akaitikia kwa sauti ndogo. Akafuata mwingine. Fimbo zikashuka. Yule kijana wa sauti ya kutetemeka akaitikia kwa nguvu, machozi yanamtoka, akatupisha.

Tukapita. Kila shamba tulilofikia, mama mkwe alirusha unga na kuimba, na wenye shamba wakatoka wakaitikia, wengine wakacheka, wengine wakanitakia heri. Bibi mmoja alikimbia akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Lakini kuna sehemu ndefu katikati, mashamba yasiyo na watu. Hapo mama mkwe aliimba, na hapakuwa na wa kumwitikia. Nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ya mtu anayejikaza. "Hana aibu." Sikugeuka. Niliijua sauti ile. Ndiyo iliyotusomea zaburi kila asubuhi.

Misheni walimpiga mtoto sindano siku kadhaa, akanyonya, akaishi. Dawa ile ililetwa na kanisa, na njia ya kuifikia ilifunguliwa na matusi ya mama mkwe. Sijaweza hadi leo kuvitenganisha viwili hivyo, wala sijaribu tena.

Habari ilifika kwa mchungaji kabla yetu. Baraza la wazee wa kanisa likakaa, likasema nimechezewa mapacha njiani kweupe. Nilitengwa. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, bila meza ya Bwana, na watoto wangu hawangebatizwa mpaka nitubu mbele ya watu. Kuhusu mume wangu hawakusema kitu. Walijua alikuwapo, waliamini alizibwa mdomo na uchungu. Yeye nyumbani hakusema neno juu ya safari ile. Nami sikumwuliza. Lakini kila Jumapili nilimtazama pale mbele, na wivu na huruma vikawa vinagombana ndani yangu.

Mvua zilipokuwa zimerudi, mchungaji akaja kwa ajili ya toba yangu na ubatizo wa watoto. Mtu mzima aliyekuwa mchunga ng'ombe utotoni, mwenye sauti kavu. Kanisa lilijaa hadi madirishani, maana wapagani nao walitaka kuona. Bakuli la maji lilikuwa mezani, kitambaa cheupe kando yake. Mama mkwe aliingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaketi sakafuni karibu na benchi langu, pacha mmoja mgongoni na mwingine pajani.

Nikaitwa mbele. Sheria ilikuwa kwamba mwalimu wa kanisa ndiye anayeuliza swali la toba, na mchungaji anapokea jibu. Mume wangu akafungua kitabu.

"Je," akaniuliza, "unaukana wimbo ule, na kuuita kazi ya giza?"

Nilijua neno moja linalotakiwa. Nilijua pia neno lingine, ambalo lingemshusha mume wangu pale alipo, likamtoa kazini na kutuondoa katika nyumba ya kanisa. Nyuma yangu mama mkwe alikohoa, akasema kwa Kisukuma, si kwa sauti kubwa, lakini wote tulisikia: "Ukane, mwanangu. Wimbo hauumii."

Nikafungua mdomo. Kukana sikuweza, kumtaja sikutaka. Nikamtazama tu mume wangu usoni, na sijui alisoma nini pale. Nilihesabu ni heri nirudi benchini nizeekee huko.

Akafunga kitabu. Akakiweka mezani kando ya bakuli la maji.

"Mchungaji," akasema, "mimi niliitikia."

Mzee mmoja wa kanisa akasema "Hapana," kama mtu anayemzuia mtoto asianguke. Mume wangu akarudia. Alisema mama yake aliimba, na mashamba yalikuwa matupu, na aliona si haki mwanamke mzee aimbe peke yake kwa ajili ya mtoto wake yeye. Kisha akashuka, akapita katikati ya watu waliomwita Mwalimu, akaketi benchi la nyuma. Nikamfuata. Neno lile lilimpotezea kazi. Kabla ya mavuno tulikuwa Geita, yeye akisukuma mabehewa ya mawe katika mgodi wa dhahabu pamoja na watu wa kila kabila na kila dini. Lakini hayo hatukuyajua bado. Siku ile niliona tu magoti yake yakigusana na yangu.

Mchungaji akalishika lile bakuli kwa mikono miwili. Nilidhani atalimwaga nje. Wazazi wa ubatizo waliochaguliwa, mzee wa kanisa na mkewe, walikuwa wameinamisha vichwa. Mwishowe akasema, kwa ile sauti yake kavu:

"Watoto hawakuimba. Waleteni."

Sisi wawili hatukuruhusiwa kusogea mbele. Wazazi wa ubatizo hawakuinuka. Watu walitazamana. Mama mkwe akatazama kulia na kushoto akaona hakuna anayekwenda. Akajiinua kutoka sakafuni, akamfungua yule wa mgongoni, akawapakata wote wawili, akatembea hadi mbele peku, na vumbi la sakafu miguuni. Mchungaji akamtazama, mwanamke asiyebatizwa. Akamwuliza kama alivyopaswa kumwuliza mwenye kuwashika:

"Kwa ajili ya watoto hawa, unamkana shetani na kazi zake zote?"

"Shetani simjui," mama mkwe akajibu. "Lakini kama ndiye anayewafungia watoto njia, namkana."

Mchungaji akachovya mkono majini.